Nani Alishika Kamera? Jinsi ya Kuzitazama Filamu za Waasisi wa Taifa

Kila inapokaribia Desemba 9, kundi la WhatsApp la ukoo wetu huvunjika. Mtu mmoja hutuma kipande cha video cha dakika mbili: bendera ya Mwingereza inashuka, ya Tanganyika inapanda, na msimulizi mwenye sauti nzito anatuambia kwamba usiku ule giza liliondoka. Hazipiti dakika kumi, binamu wa Tabora anauliza mbona wazee wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hawatajwi. Shangazi anamjibu kwamba Baba wa Taifa ni mmoja. Wa tatu anaandika kwa herufi kubwa: HISTORIA IMEPOTOSHWA. Ikifika saa nne usiku wawili wameshajitoa kundini, na kazi ya kuwabembeleza warudi inaniangukia mimi kwa sababu mimi ndiye admin.

Safari iliyopita nilikuwa kwa mjomba, Magomeni, tukitazama kipande hichohicho kwenye simu yangu. Mjomba alikuwa na miaka kumi na miwili mwaka 1961. Alitazama mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Picha ni ya siku ile. Huyu anayesema hakuwepo." Kisha akaagiza chai.

Sijasikia mtu akiueleza ugomvi wetu kwa maneno machache namna hiyo. Filamu ya historia ni vitu viwili vilivyoshonwa pamoja, kilichonaswa siku yenyewe na kilichosemwa baadaye, na fundi mzuri huuficha mshono. Makala hii ni ya kuutafuta huo mshono. Tutabishana bado, sina shaka, ila angalau tutajua tunabishania nini.

Muasisi wa nini?

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya ugomvi imelala humo. Muasisi ni aliyeweka msingi. Sasa nchi hii imewekewa msingi zaidi ya mara moja, na kila filamu huchagua msingi wake bila kututangazia.

Wapo waasisi wa harakati. Hawa ni watu wa African Association, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1929, Kleist Sykes akiwa katibu wake. Wakati huo Julius Nyerere alikuwa mtoto wa miaka saba huko Butiama. Kisha wapo waasisi wa TANU: watu 17 waliokutana Julai 7, 1954 wakakigeuza chama hicho, ambacho sasa kilikuwa kikiitwa Tanganyika African Association (TAA), kuwa chama cha siasa. Nyerere, aliyechaguliwa rais wa TAA mwaka mmoja nyuma, yumo. Wamo pia Abdulwahid na Ally Sykes, watoto wa yule Kleist, pamoja na Dossa Aziz, John Rupia, Saadani Kandoro na wengineo. Yumo Japhet Kirilo wa Meru, ambaye mwaka 1952 alikuwa ameshakwenda Umoja wa Mataifa kuwasemea Wameru walionyang'anywa ardhi, miaka mitatu kabla Nyerere hajasimama mbele ya Baraza la Udhamini. Nimemtaja makusudi. Waulize vijana watano Kirilo ni nani, uone.

Na wapo waasisi wa Jamhuri ya Muungano, ambao kwa mazoea yetu ni wawili: Nyerere na Abeid Amani Karume, Aprili 1964.

Kwa hiyo binamu wa Tabora na shangazi wote wana haki. Mmoja anazungumzia 1929 na 1954, mwingine anazungumzia 1961 na 1964. Filamu inayoanza na Nyerere akiondoka Pugu mwaka 1955 kuacha ualimu haijadanganya, ila imeanza hadithi sura ya tatu bila kutwambia kwamba sura mbili zimepita.

Visiwani hesabu ni nyingine kabisa. Chama cha Afro-Shirazi kilizaliwa 1957, uhuru kutoka kwa Mwingereza ukaja Desemba 10, 1963 na kumwacha Sultani Jamshid kitini, Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964. Mzanzibari wa Michenzani na mjukuu wa Mzanzibari aliyehamia Muscat wanaweza kutazama picha zilezile za Januari ile, mmoja akaona nchi inazaliwa na mwenzake akaona nchi inakufa. Usitarajie filamu moja iwaridhishe wote wawili.

Na kwa kuwa tupo kwenye maneno: msimulizi akikwambia "Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961", jua ameteleza. Iliyopata uhuru ni Tanganyika. Jina Tanzania halikuwepo mpaka Oktoba 1964. Kosa hili ni rahisi kulinasa hata kwa macho, kwa sababu bendera ya Tanganyika ilikuwa ya kijani, nyeusi na dhahabu, bila buluu. Buluu ilikuja na Zanzibar. Ukiona filamu ambamo bendera yenye buluu inapandishwa Desemba 1961, basi picha hiyo imepigwa miaka mingi baadaye, au mwigizaji amekodiwa bendera dukani Kariakoo.

Video ya harusi

Filamu za aina hii wengine huziita makala, wengine dokumentari. Chochote utakachoiita, ndani yake mna viungo vinne: picha za zamani, sauti ya msimulizi, watu wanaohojiwa, na mara nyingine maigizo ya kuziba pale pasipo na picha. Kuelewa vinavyopikwa pamoja, usiende mbali. Chukua video ya harusi iliyoko kabatini kwenu.

Harusi yenyewe ilichukua siku nzima. Video ni saa moja na nusu. Mpiga video alilipwa na kamati, kwa hiyo mwenyekiti wa kamati anaonekana kila baada ya dakika tano. Mama aliyekesha akipika pilau haonekani hata mara moja, maana kule jikoni hapakuwa na taa ya kutosha na hakuna aliyemtuma mtu wa kamera aende. Ugomvi wa meza ya pili umekatwa. Wimbo unaosikika bibi harusi akiingia ukumbini sio uliopigwa siku ile. Siku ile umeme ulikatika, wakaingia kwa vigelegele, wimbo ukawekwa baadaye studio.

Hakuna uongo hapo. Kila anayeonekana alikuwepo kweli, na keki ilikatwa kweli. Lakini mtu akiitazama video hiyo baada ya miaka 60, ataapa kwamba wimbo ule ulipigwa na kwamba pilau lilijipika.

Filamu za waasisi zinatengenezwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kamati ya harusi tunaifahamu kwa majina, na kamati ya filamu tunasahau kuiuliza.

Kamera ilikuwa ya nani

Picha nyingi zinazotembea tunazoziona za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 zilipigwa na kampuni za Uingereza zilizotengeneza habari fupi za kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa kuanza. Waliokusudiwa kuzitazama ni watu wa London na Manchester. Mtu wa Ilala hakuwa kwenye hesabu. Ndiyo maana, usiku wa uhuru, Prince Philip aliyekuja kumwakilisha Malkia anapata nafasi kubwa kwenye picha hizo, maana yeye ndiye waliyemjua watazamaji wa kule. Mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka filamu zake zipatazo 85,000 kwenye YouTube, na tangu hapo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kujitengenezea filamu ya Nyerere chumbani kwake. Ni jambo jema. Lakini macho anayoyaazima ni ya Mwingereza wa 1961.

Nchi yenyewe haikuwa na kamera? Ilikuwa nazo kidogo, na mwanzo wake unachekesha kidogo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika mambo kama kuweka akiba posta na kujikinga na minyoo. Waigizaji walikuwa watu wa hapa, lakini waliotunga cha kuigiza ni Wazungu. Baada ya uhuru serikali ilikuwa na kitengo chake cha filamu, na baadaye Tanzania Film Company. Ila chombo kilichomfikia kila mtu kilikuwa redio. Televisheni Tanzania Bara imeanza mwaka 1994.

Ukae na mwaka huo kidogo, kwa sababu unaeleza mambo mengi. Nyerere aliacha urais 1985. Maana yake hakuna usiku hata mmoja wa urais wake ambapo mtu wa Bara aliwasha televisheni ya Bara akamwona Rais anahutubia. Nyerere tunayemfahamu kwenye video, yule mwenye mvi anayechekesha ukumbi mzima, anayeuliza swali halafu anajijibu mwenyewe, ni Nyerere mstaafu wa miaka ya 1990, kama ile hotuba ya Mei Mosi 1995 huko Mbeya. Kijana aliyezaliwa 2002 anampenda mzee huyo, na ana haki ya kumpenda. Lakini aliyetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 alikuwa mtu wa miaka 44 mwenye haraka, na aliyetawala nchi ya chama kimoja alikuwa mtu ambaye si kila utani wake ulichekwa kwa hiari. Huyo hatumwoni. Kinachotokea kwenye filamu nyingi ni kwamba sauti ya mzee wa 1995 inawekwa juu ya picha ya kijana wa 1961, na ubongo wetu unawaunganisha kuwa mtu mmoja asiyezeeka.

Kwa Karume ni zaidi. Zanzibar ilitangulia Bara kwa televisheni kwa miaka ishirini hivi, lakini hata hiyo ilianza yeye akiwa ameshauawa, Aprili 7, 1972. Ametuachia picha chache na sauti chache. Mtu mwenye picha chache husemewa na wengine, na kila msemaji humkata kwa kipimo chake.

Sauti iliyokuja baadaye

Picha nyingi za habari za wakati ule zilinaswa bila sauti. Vifijo, ngoma, vigelegele, hata kishindo cha buti za gwaride, mara nyingi viliongezwa studio. Muziki ndio usiseme: zeze la huzuni likianza kulia, ujue umeshaambiwa nani afe na nani apendwe kabla msimulizi hajafungua kinywa.

Mfano mzuri zaidi uko Kenya. Wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, kamera za Waingereza zilipiga picha za wapiganaji wa Mau Mau wakitolewa msituni mikono kichwani. Msimulizi wa wakati ule aliwaita magaidi. Picha hizohizo, fremu kwa fremu, leo zimo kwenye filamu za Kenya zinazowaita mashujaa wa uhuru. Na katikati hapo kulikuwa na kimya kirefu, maana marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na mkoloni haikufutwa mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Dedan Kimathi, aliyenyongwa Februari 18, 1957, tunamjua zaidi kwa picha aliyopigwa akiwa amelala na pingu mikononi. Waliompiga picha hiyo walitaka ionekane kwamba amekwisha. Imekuwa ndiyo sura yake ya ushujaa.

Kwa hiyo ule msemo wa vijiweni kwamba picha haidanganyi, mimi naukubali nusu. Picha haisemi kitu. Anayesema ni mtu, na mtu ana mwaka wake na mwajiri wake.

Kila Januari huzunguka pia vipande kutoka filamu moja ya Kiitaliano ya 1966, vilivyopigwa kutoka angani, vikielezwa kuwa ni mauaji ya Zanzibar. Kwamba watu wengi waliuawa katika siku zile hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni idadi na mazingira. Lakini watengenezaji wa filamu ile walituhumiwa kupanga baadhi ya matukio mbele ya kamera sehemu nyingine za Afrika, tuhuma walizozikana, na kutoka juu angani hakuna uso unaosomeka. Ukiitazama, tenga kwa uangalifu unachokiona na unachoambiwa. Mtu mwingine atakuletea kipande hichohicho kuthibitisha kinyume chake.

Bango, udongo na mshumaa

Sasa tushike vitu vitatu mkononi.

Kuna picha ambayo kila Mtanzania ameiona: Nyerere amebebwa juu juu na umati, ameshika bango lililoandikwa kwa Kiingereza kudai uhuru kamili 1961. Hutumiwa kila Desemba 9 kama picha ya siku ya uhuru. Lisome bango tena, polepole. Linadai. Hakuna anayeshika bango la kudai kitu alichokwisha kupewa. Picha hiyo ni ya Machi mwaka huo, wakati wa mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam, miezi mingi kabla bendera haijapanda. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Mhariri alitaka picha ya furaha, picha za usiku wa uhuru ni za giza, akachukua hiyo.

Cha pili ni ule udongo. Ndani ya ukumbi wa Karimjee, Aprili 1964, Nyerere anamimina udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar katika chombo kimoja. Ni picha kali, mtoto wa darasa la pili anaielewa. Lakini watu wengi wanaamini kwamba hapo ndipo Muungano ulipofanyika. Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar, Aprili 22, na Bunge la Tanganyika likaziridhia siku chache baadaye. Ndoa ilifungwa kwa kadhi. Tunachokikumbuka ni keki. Na mabishano yote mazito kuhusu Muungano, tangu serikali ngapi mpaka mambo gani yawe ya pamoja, yamo kwenye karatasi ambayo hakuna filamu inayokaa nayo zaidi ya sekunde tatu. Karatasi haina mvuto kwenye kioo, siwalaumu. Ila ukitaka kumshinda mtu kwa hoja ya Muungano, udongo hautakusaidia.

Cha tatu ni maneno. Oktoba 22, 1959, ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alisema kwa Kiingereza yale maneno maarufu ya kuweka nuru juu ya Kilimanjaro imulike hata nje ya mipaka, ilete matumaini pasipo na matumaini. Kwa Kiswahili tunasema mwenge. Kwa Kiingereza chake siku ile alisema mshumaa. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapanda na mwenge kweli mpaka kileleni, na tangu hapo mshumaa umesahaulika kabisa. Nafikiri tafsiri imemzidi mwenye hotuba, maana mshumaa juu ya Kibo ungezimwa na upepo kabla mtu hajasema uhuru. Lakini filamu inayokuwekea maandishi ya Kiswahili na kukuambia "alisema", inakupa nukuu iliyopita mikononi mwa mtu mwingine.

Anayeonekana asitajwe

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ninapowashauri watu wapunguze kutazama usoni kwa Mwalimu, watazame pembeni yake.

Kwenye picha nyingi za miaka ya kwanza ya uhuru kuna mtu kando ya Nyerere ambaye picha inamwonyesha na sauti haimtaji. Mara nyingi ni Oscar Kambona. Alikuwa katibu mkuu wa TANU, kisha waziri, na Januari 1964 askari wa kambi ya Colito walipoasi na Nyerere akafichwa, Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Mwaka 1967 akaondoka nchini baada ya kutofautiana na Nyerere, akaishi Uingereza miaka mingi. Kamera haikuweza kumfuta, msimulizi akaweza.

Bibi Titi Mohamed ana hadithi inayofanana, ingawa mwisho wake ni mwema kidogo. Yeye ndiye aliyewaleta wanawake wa Dar es Salaam ndani ya TANU tangu 1955, kupitia vikundi vya ngoma na lelemama ambavyo mwanamume yeyote asingeviingia. Mwaka 1970 akafikishwa mahakamani kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Leo tunapita kwenye barabara yenye jina lake tukikimbilia Posta. Filamu zikimtaja, huishia 1961 na kurukia barabara. Miaka ya katikati hairushwi hewani.

Visiwani yupo John Okello, Mganda aliyejiita Field Marshal, ambaye sauti yake redioni ndiyo iliyowatetemesha watu asubuhi ya Januari 12. Kabla Muungano haujatiwa saini alikuwa ameshatolewa visiwani. Filamu nyingine humfanya yeye kuwa Mapinduzi yote, nyingine humfanya kuwa mpiga kelele wa redioni. Na huku Bara, ni wangapi wanajua kwamba mwaka 1962 Nyerere alikuwa na mpinzani kwenye uchaguzi wa rais? Zuberi Mtemvu, aliyejitoa TANU mwaka 1958 kwa sababu ya ile kura tatu iliyopitishwa Tabora, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Alishindwa vibaya mno, lakini alisimama.

Hapa binamu yangu angedakia: si unaona, wamefichwa! Polepole. Kutokuonekana kuna sababu zaidi ya moja. Kambona alinyamaziwa kwa siasa, hilo sina mashaka nalo. Lakini ule mkutano wa Julai 7, 1954 hauna filamu kwa sababu nyepesi zaidi: hakuna aliyejua kwamba utakuwa historia. Watu 17 wamekaa kwenye chumba, nani alete kamera? Ndiyo maana kila filamu hutuonyesha picha ya mnato, kamera ikitambaa polepole juu ya nyuso. Na wanawake waliowapikia na kuwahifadhi wanasiasa wale hawapo kwa sababu ileile ya mama wa pilau. Ukilipa kila pengo jina moja la njama, unakosa kuona lile pengo ambalo kweli limechongwa kwa makusudi.

Mzee aliyekuwepo

Pasipo na picha, watengeneza filamu hukimbilia maigizo au mashahidi. Kwa Patrice Lumumba, kwa mfano, ipo picha ya kukamatwa kwake Desemba 1960, amefungwa mikono juu ya lori, askari wakimdhalilisha mbele ya kamera. Kuuawa kwake Katanga, Januari 17, 1961, hakuna kamera iliyokuona. Hata mwili haukubaki. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake moja kwa familia. Kwa hiyo kila unapoona usiku ule, taa za magari na miti, huo ni mchezo wa kuigiza. Unaweza kuwa umeigizwa kwa uaminifu mkubwa. Shida ni pale unapopakwa rangi nyeusi na nyeupe na mikwaruzo ya bandia ili ufanane na picha ya kweli iliyotangulia. Siku hizi kuna kompyuta zinazotengeneza hata sauti, na Mwalimu ameanza kutoa hotuba ambazo hakuwahi kuzitoa.

Mashahidi nao ni wa aina mbili, na filamu huwakalisha kwenye kiti kimoja kana kwamba wako sawa. Kuna aliyekuwepo na kuna aliyesoma. Aliyesoma anaweza kuijua picha nzima, lakini hakusikia harufu ya mahali pale. Aliyekuwepo aliona alipokuwa amesimama, basi. Na kumbukumbu inapikwa upya kila inaposimuliwa. Mzee anayeanza na "nakumbuka kama jana" huenda anakumbuka alivyosimulia mwaka jana, pamoja na kile alichokiona kwenye televisheni katikati. Hasemi uongo. Muulize vitu vidogo: ulikuwa umevaa nini, ulirudi nyumbani kwa njia gani, mvua ilinyesha? Vitu vidogo havijawahi kuhojiwa, kwa hiyo mara nyingi bado ni vibichi.

Jambo ninalolifanya siku hizi, na nimewafundisha watoto wa nyumbani, ni kutazama mara mbili, mara ya pili sauti ikiwa imezimwa. Nilijikuta nalifanya bila kulipa jina, mpaka siku ile Magomeni.

Chai ilikuja, mjomba akanywa nusu kikombe, akasema nirudishe ile video mwanzo. "Zima huyo mtu," akasema, akimaanisha msimulizi. Nikazima sauti. Akaishika simu mwenyewe, ameisogeza karibu na uso, hatazami bendera wala jukwaa. Anatazama kushoto, kule gizani nje ya mwanga wa taa, ambako watu wanaonekana kama mbegu za ufuta. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema babu yangu usiku ule alikuwa na birika la kahawa upande ule, na yeye alibeba vikombe.

Kamera ikaanza kugeuka kushoto, polepole, nyuso zikaanza kutokea, kisha ikarudi jukwaani.

"Rudisha tena," akasema.